Mama mkwe ana miaka 88, watoto wake wanataka kumhamishia Nakuru

Mama Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Mumias.

Nina miaka 43, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi Kisumu na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Hapa bomani tuko mimi, watoto, na mama mkwe ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1937. Watoto humwita Kukhu, yaani bibi. Mimi namwita Mama tu, maana mama yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa, na huyu ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mara ya kwanza.

Niruhusu nikueleze yeye ni nani, bila hivyo hutaielewa shida yangu. Alibatizwa akiwa msichana mdogo, enzi za mapadre wa Mill Hill, kabla Kisumu haijawa jimbo mwaka 1953, na Kakamega kama jimbo haikuwepo hadi 1978. Katekisimu aliisoma kwa kukariri maswali na majibu. Ukimuuliza leo swali lolote la kitabu kile, atakujibu bila kukosea neno. Wakati wa kuabudu Ekaristi huimba wimbo wa Kilatini Tantum ergo macho yakiwa yamefumba, huku vijana wa kwaya wakipekua karatasi. Alizaa watoto tisa, akazika wawili, kisha akafiwa na mume mwaka 1991. Saba waliobaki aliwasomesha kwa mahindi, ndizi na kipande cha miwa, na hakuna aliyekosa Ubatizo, Komunyo ya kwanza wala Kipaimara. Mwaka 1985, Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lilipofanyika Nairobi na Papa Yohane Paulo wa Pili akaja, Mama alisafiri na kina mama wa parokia hadi Uhuru Park. Leso aliyoivaa siku hiyo ameihifadhi sandukuni, na ametuagiza tumfunike nayo siku yake ikifika.

Huamka saa kumi na moja alfajiri. Malaika wa Bwana husali mara tatu kwa siku, hata kama mkononi ana kunde anazochambua. Jioni ni rozari na wajukuu, yeye akiongoza na wao wakiitikia. Alhamisi bado anasali matendo ya furaha kama alivyofundishwa utotoni. Yale ya mwanga, yaliyoongezwa mwaka 2002 kwa siku hiyo, anasema ni mazuri ila yamemkuta akiwa mzee. Na kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, huenda Misa ya saa kumi na mbili na nusu kwa miguu. Kwa mwendo wake ni kama nusu saa kwenda, na zaidi ya hapo kurudi.

Sasa shida. Mama ana presha na sukari, na dawa za vyote viwili humeza asubuhi. Kwaresima iliyopita, siku ya Ijumaa, alianguka akitoka Misa. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemkuta ameketi kando ya barabara, kanga imelowa jasho, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Alimpakata hadi nyumbani. Nilimpa chai ya maziwa yenye sukari na mkate, na baada ya muda akarudi kuwa yeye. Mkono ulivimba lakini haukuvunjika. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama rozari yake imepotea.

Wifi yangu mkubwa anaishi Nakuru, ana nyumba nzuri yenye geti, maji ya mfereji na msichana wa kazi. Aliposikia habari hiyo alikuja na ndugu zake wote, wakaketi chini ya mwembe wakakata shauri kwamba Mama ahamie Nakuru moja kwa moja. Mama alikuwa chumbani kwake. Hakuitwa. Mimi nilikuwa napeleka chai, na nilipothubutu kusema kwamba labda tumwulize mwenyewe, shemeji mmoja akasema nataka abaki hapa ili niendelee kupokea pesa za matumizi. Maneno hayo yaliniuma hadi leo. Mume wangu alikuwepo, akainamisha kichwa.

Kuna jambo jingine. Wifi aliokoka miaka mingi iliyopita na anasali katika kanisa la kiroho huko Nakuru. Anampenda mama yake, hilo siwezi kulikana, lakini amesema wazi kwamba nyumbani kwake sanamu na rozari haziingii. Mama alipoambiwa habari ya kuhama, alikaa kimya siku nzima. Jioni, tulipomaliza kusali, akaniambia: "Huko nani ataniitikia Salamu Maria?"

Nami sitaki kukudanganya, nimechoka. Kuna usiku nalala nikisikiliza kama ataamka aende chooni peke yake. Kuna asubuhi naomba mvua inyeshe ili asitoke. Nikimwomba ale kabla ya kwenda Misa hunitazama kana kwamba nimemwambia aibe. Anasema hajawahi kupokea Bwana tumbo likiwa na chakula na hataanza akiwa karibu kukutana naye. Na Kwaresima hula mlo mmoja tu, saa kumi jioni.

Je, nipigane ili abaki, au niwaachie watoto wake? Je, ni dhambi kumzuia mzee asifunge? Na je, niende kwa paroko kwa siri, bila Mama kujua?

Mkaza mwana, Mumias

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikiisoma narudi pale kando ya barabara: kanga imelowa jasho, maneno hayaeleweki, kisha chai yenye sukari na mkate, na Mama akarudi kuwa yeye. Ndugu za mumeo wanagombania barabara na geti la Nakuru. Mimi naona mguu wake haukuwa na kosa. Aliangushwa na tumbo tupu lililobeba vidonge vya sukari.

Si kazi yangu kumpima mgonjwa kwa barua, na utampeleka kliniki. Lakini dalili ulizoandika ni zile zile ambazo wahudumu wa kliniki za kisukari huwaonya wagonjwa wao wazijue: jasho jingi, kutetemeka, kizunguzungu, kuchanganyikiwa kwa ghafla, na nafuu ya haraka mtu akipata kitu kitamu. Hiyo ni sukari kushuka kupita kiasi. Baadhi ya vidonge vya kisukari huishusha sukari hata kama mtu hajala, na mtu wa miaka 88 aliyekula mara ya mwisho jana yake saa kumi jioni, akameza dawa alfajiri, akatembea nusu saa na kupiga magoti Misa nzima, hana akiba yoyote mwilini. Ongeza dawa ya presha, ambayo nayo huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Ajabu ni kwamba hakuwa ameanguka mapema zaidi.

Kwa hiyo kabla ya mkutano mwingine wowote chini ya mwembe, mpeleke kliniki anakochukulia dawa. Beba vidonge vyake vyote pamoja na vifungashio, na umweleze daktari mambo mawili bila kuyapunguza: saa anazomeza dawa na saa anazokula. Mwambie habari ya Misa na Kwaresima. Wagonjwa wengi huona haya kusema kwamba wanafunga, na daktari asiyejua huandika dawa akidhani mtu amekunywa uji. Usibadilishe dawa wala kupunguza kidonge kwa uamuzi wako. Uliza pia kama mnaweza kupata kipimo kidogo cha sukari cha nyumbani, na kila anapotoka awe na kitu kitamu kwenye mkoba wake wa rozari, hata kama ni peremende au kijiko cha glukosi kwenye karatasi. Wafundishe watoto wako dalili hizo. Yule wa bodaboda naye mwambie, maana pengine ndiye atakayemkuta tena.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, na hapa nataka umwelewe Mama kabla ya kumshawishi. Si ukaidi. Mama alipopokea Komunyo ya kwanza, Kanisa lilidai mtu asitie kitu chochote kinywani tangu saa sita ya usiku, hata maji. Kwa msichana wa miaka ya 1940 hiyo ilikuwa sheria nzito, na katekista aliifundisha kwa uzito huo. Kisha sheria ikabadilika hatua kwa hatua, tangu yeye akiwa msichana hadi akawa mtu mzima. Mwaka 1953 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu maji. Mwaka 1957 muda wa kufunga ukawa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akaushusha hadi saa moja. Wengi wa kizazi cha Mama walisikia matangazo hayo, wakayaheshimu, na wakaendelea na desturi waliyoizoea, kwa sababu hakuna aliyewakataza kufanya zaidi.

Sheria ya Kanisa inayotumika leo, ya mwaka 1983, inasema katika kanuni ya 919 kwamba anayepokea Ekaristi ajizuie na chakula na kinywaji kwa muda wa saa moja, isipokuwa maji na dawa. Kisha sehemu ya tatu ya kanuni hiyo hiyo inasema kwamba wazee, wagonjwa, na wale wanaowahudumia, wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo moja. Soma tena maneno hayo, mwanangu: na wale wanaowahudumia. Kanisa lilimkumbuka Mama, likakukumbuka na wewe unayeamka usiku kusikiliza mlango wa choo.

Na Kwaresima? Kanuni ya 1252 inawafunga kwa sheria ya mfungo watu wazima hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60. Mama alivuka mpaka huo miaka karibu 30 iliyopita. Kila mfungo alioufanya tangu wakati huo ulikuwa zawadi yake ya hiari kwa Mungu, na zawadi ya hiari mtu anaweza kuibadilisha. Kuacha nyama ni jambo jingine, sheria hiyo haina mwisho wa umri, na hapo msimguse. Ijumaa apikiwe omena au kunde, awe na sadaka yake. Anaweza pia kutoa kitu kwa maskini wa jumuiya, au kuongeza Njia ya Msalaba akiwa ameketi. Mzee aliyejinyima maisha yake yote asiachwe mikono mitupu. Ukimwambia tu "acha kufunga" unamvua kitu alichokivaa tangu utotoni, na hatakubali, wala mimi nisingekubali.

Umeuliza kama ni dhambi kumzuia. Kumwomba ale ili dawa isimdhuru si dhambi. Ila wewe si mtu wa kumwambia jambo hili, na kutazamwa kana kwamba umemwambia aibe ni ushahidi tosha. Kwa Mama, neno la namna hii lina uzito likitoka kwa padre. Paroko akimwambia, "Mama, kunywa uji wako saa kumi na moja kisha uje, Bwana atakupokea," atainamisha kichwa na kutii, kwa sababu utii huo nao alifundishwa na katekista yule yule.

Kuhusu kuhama, nitasema wazi ninavyofikiri. Msimhamishe.

Najua nyumba ya wifi yako ina usalama ambao yako haina. Lakini angalia kinachomshikilia Mama duniani. Kengele ya Misa. Jumuiya ya Alhamisi, na wanawake aliozeeka nao. Padre anayejua jina lake. Kaburi la mumewe pale bomani, na udongo wa watoto wake wawili. Wajukuu wanaoitikia. Mzee wa umri huo akitolewa mahali anapopajua kwa miguu hata gizani, hupotea njia ya choo usiku, huogopa, huanguka ndani ya nyumba yenye vigae na geti. Nakuru nako kuna baridi ambayo mifupa ya Mumias haijaizoea. Nimewaona wazee wengi waliochukuliwa mjini kwa upendo mkubwa wakakaa kwenye kochi mbele ya televisheni, wamekoga, wameshiba, na hawana neno la kumwambia mtu. Watoto wao husema mzee ametulia. Hajatulia, amekatwa.

Lile swali alilokuuliza, kwamba nani atamwitikia Salamu Maria, linawatosha watoto wake wote saba. Rozari mtu anaweza kuisali peke yake, lakini ya Mama husaliwa na wawili au zaidi: mmoja anaanza, wengine wanamalizia. Mama hakuuliza nani atampikia. Alitaja kitu asichoweza kuishi bila hicho, na akakitaja kwako, si kwao, kwa sababu wao hawakumwita.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watu wazima saba waliketi umbali wa hatua chache kutoka mlango wa mama yao wakaamua atalala wapi maisha yake yote yaliyobaki, na hakuna aliyeinuka kwenda kumwamkia na kumwuliza. Huyu ana akili timamu, anakumbuka katekisimu nzima, anakumbuka deni la kila mtu aliyemuuzia ndizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, waishi kwa heshima na utu, na wapate matunzo ya kadiri inayofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Matunzo na heshima vimewekwa katika kifungu kimoja. Huwezi kumpa mzee cha kwanza ukamnyima cha pili kisha ukasema umemtunza.

Mkutano mwingine lazima ufanyike, na Mama aketi katikati. Usiuitishe wewe. Mumeo auitishe. Mwambie nimesema hivyo, na umwambie kwa upole, faraghani, kwamba kichwa alichoinamisha siku ile kilikuacha peke yako. Yeye ni mtoto wa mama huyu, wewe ni mkaza mwana. Neno lako likipita kinywani mwake litasikilizwa pale ambapo lako mwenyewe lilirudishwa na tusi. Sipendi kwamba mambo yako hivyo, lakini ndivyo maboma mengi yalivyo, na Mama hana muda wa kusubiri yabadilike.

Lile la pesa za matumizi, lijibu kwa daftari. Andika kila shilingi wanayotuma na kila inakokwenda: dawa, nauli ya kliniki, sabuni, maziwa, sadaka yake ya Jumapili. Kama Mama ameandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, andika hizo pia. Kama hajaandikishwa, mwulize chifu utaratibu. Hakikisheni amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Daftari likae mezani siku ya mkutano. Usiseme neno la kujitetea, mpe shemeji asome. Halafu mumeo aulize ni nani kati yao atakayelipa msichana wa kukusaidia siku tatu kwa juma, na nani atakayetengeneza choo kiwe na mahali pa kushika na taa ya sola njiani. Watu wanaotaka kumhamisha mama yao kwa sababu ya usalama hawatakosa pesa za taa.

Maana wewe nawe umechoka, na uchovu wako si wa kufichwa. Umeuandika katikati ya barua kana kwamba unaungama. Mtu anayeomba mvua inyeshe ili mzee asitoke nje si mtu mbaya, ni mtu asiye na mwenzake wa kupokezana zamu. Ndiyo sababu sisemi wifi yako asimchukue Mama kabisa. Amchukue, kama mgeni. Likizo ya Agosti, wiki mbili au tatu, na mmoja wa wajukuu aende naye ili awepo wa kuitikia. Wewe ulale.

Kabla ya safari hiyo wifi yako akubali mambo fulani, na nadhani atakubali akiombwa vizuri. Amefuata njia yake ya imani na hakuna anayemwita arudi. Lakini rozari ya Mama si pambo la ukutani la kuamuliwa na mwenye nyumba. Atakaa nayo chumbani kwake, pamoja na picha yake ya Moyo Mtakatifu kama anayo, mlango ukiwa umefungwa ikibidi. Jumapili apelekwe Misa. Nakuru imekuwa jimbo Katoliki tangu mwaka 1968, ina kanisa kuu la Kristo Mfalme na parokia katika mitaa mingi, na hakuna mtaa ambao jumuiya haitafurahi kumpokea bibi anayejua Tantum ergo. Mwambie wifi yako kwamba imani anayojivunia leo, huo ujuzi wake wa kupiga magoti na kulitaja jina la Yesu, aliupata kwanza kwenye magoti ya mama huyu. Hilo ni kweli hata kama kanisa limebadilika. Ikiwa hawezi kuvumilia rozari kwa wiki tatu, basi yeye aje Mumias kukaa na mama yake, wewe uende kwa dada zako.

Tukirudi kwenye Misa ya kila siku, hapo Mama naye atabidi alegeze kidogo, na achague mwenyewe alegeze wapi. Pengine atataka Ijumaa ya kwanza ya mwezi asiikose kwa lolote. Pengine siku mbili au tatu za juma, akiwa na mkongojo na mjukuu wa kumsindikiza, na mtu mwenye gari wa kumrudisha. Zungumza na mwenyekiti wa jumuiya yenu. Katika parokia kubwa hakosekani muumini anayepita njia hiyo kwa gari, ila hajaombwa. Siku zisizo zake, Kanisa lije kwake. Tangu mwaka 1973 Roma imeruhusu walei walioteuliwa kuwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani, na wahudumu hao wa Ekaristi bila shaka mnawajua kwa majina. Tandikeni kitambaa cheupe, washeni mshumaa, watoto wapige magoti. Usidhani ni Komunyo ya daraja la pili. Kwa watoto wako, kumwona Bwana akiingia mlangoni kwa Kukhu kutabaki nao kuliko mahubiri mengi.

Wakati huo huo ombeni Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Wengi huogopa wakidhani padre akija na mafuta basi kifo kinamfuata nyuma, na wanangoja hadi mgonjwa hawezi hata kujibu Amina. Kanuni ya 1004 inasema sakramenti hiyo hutolewa kwa muumini anayeanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na inaweza kurudiwa. Mama anaweza kupakwa akiwa ameketi kwenye kiti chake, akiitikia kila neno, kisha akala chakula cha mchana na padre.

Kuhusu leso ya mwaka 1985, siku ya mkutano Mama aseme mwenyewe mbele ya watoto wake anavyotaka azikwe: kando ya mumewe, kwa Misa, na leso yake. Mtu mmoja aandike, watie sahihi. Wasioingia tena kanisani mwake watajua mapema kwamba siku hiyo padre ndiye atakayeongoza. Jambo hilo likishasemwa, lifungwe, mrudi kuishi.

Sasa swali lako la mwisho, kama uende kwa paroko kwa siri. Hapana. Umeona jinsi alivyonyamaza alipojadiliwa bila kuitwa. Usimfanyie hivyo mara ya pili, hata kwa nia njema. Mwambie, "Mama, twende tumwulize padre habari ya uji na dawa, akikataa nitanyamaza." Atakubali kwa sababu ana hakika padre atamuunga mkono yeye. Nendeni siku ya kazi baada ya Misa, si Jumapili, maana Jumapili padre anakimbilia vigango na hatakuwa na nafasi ya kuketi. Hakikisha tu kwamba asubuhi hiyo una chupa ya chai na andazi kwenye kikapu, ili akishasikia jibu, anywe pale pale mlangoni mwa kanisa.